Joseph Fourier: Yatima Aliyenyimwa Cheo cha Mizinga, Akaupunguzia Ulimwengu Mzigo wa Hesabu

Kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, alilijua gwaride tangu siku zake za kwanza za mafunzo. Anaijua pia amri ya kujihesabu kwa wawili: wa kwanza husema moja, wa pili mbili, wa tatu moja, wa nne mbili, hata mwisho wa mstari. Kisha wenye moja husogea huku na wenye mbili kule, na mstari mmoja mrefu ukawa mistari miwili mifupi, bila ya kelele wala mtu kumkanyaga mwenziwe. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Mfaransa mmoja ambaye elimu yake, ilipokutana na mpango unaofanana na huo wa gwaride, iliziwezesha kompyuta kufanya kwa saa moja kazi ambayo ingezichukua karibu miaka sita. Jina lake ni Joseph Fourier. Alitamani sana kuwa afisa wa mizinga, akakataliwa.

Yatima wa Auxerre

Fourier alizaliwa tarehe 21 Machi, 1768, katika mji wa Auxerre, ulioko kando ya mto Yonne nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa mshonaji nguo, mtu wa hali ya chini mwenye watoto wengi. Kijana huyu alipokuwa na umri wa miaka tisa mama yake alifariki dunia, na mwaka uliofuata baba yake naye akafa. Kwa bahati njema walikuwako watu wa mji ule walioitambua akili yake, wakamtafutia nafasi katika shule ya kijeshi ya Auxerre, iliyokuwa ikiendeshwa na watawa wa Mtakatifu Benedikto.

Huko ndiko alikokutana na hisabati, nayo ikamteka moyo. Yasimuliwa kwamba mchana alikuwa akiviokota vipande vya mishumaa vilivyosazwa, na usiku, wenzake walipolala, aliviwasha mahali pa siri akasoma peke yake. Alipofikia umri wa miaka 14 alikuwa amekwisha kuvimaliza vitabu vyote sita vya hesabu vya Bezout, vitabu ambavyo maafisa wa majeshi ya nchi ile walivisomea miaka mingi.

Alipohitimu aliomba kuingia katika kikosi cha mizinga. Ombi lake lilikataliwa, wala si kwa upungufu wa akili au wa afya. Lilikataliwa kwa sababu baba yake alikuwa mshonaji. Maana katika Ufaransa ya wafalme, vyeo vya uafisa vilikuwa mali ya wana wa makabaila. Hapa hatuna budi kutua kidogo. Jeshi lile lilikuwa na haja kubwa ya watu wanaojua hesabu, kwa kuwa kombora halimjui mwana wa kabaila wala mwana wa maskini. Lafuata pembe ya mzinga na uzito wa baruti. Walakini lilimfukuza mlangoni kijana aliyejua hesabu kuliko wote, likawachukua wenye majina makubwa. Hasara hiyo ilikuwa ya jeshi.

Fourier aligeukia utawa, akaingia katika nyumba ya watawa ya Saint-Benoît-sur-Loire mwaka 1787. Mwaka 1789 Mapinduzi ya Ufaransa yalilipuka, naye akatoka kabla ya kula kiapo, akarudi Auxerre kufundisha katika shule ile ile iliyomlea.

Kivuli cha kifo

Mapinduzi yalimvutia, kwa kuwa yaliahidi kuwa mtu atapimwa kwa kazi yake. Mwaka 1793 aliingia katika kamati ya mapinduzi ya mji wake. Lakini mwendo wa mambo ulibadilika, na wakati wa utisho ukaingia. Alipotumwa kwa kazi ya serikali alijitia katika ugomvi wa kisiasa wa mji wa Orléans, akachukua upande, na maadui zake hawakusahau. Mwezi Julai 1794 alikamatwa na kutiwa ndani. Katika siku zile njia iliyotoka gerezani kwenda kwenye mashine ya kukatia vichwa ilikuwa fupi. Kilichomwokoa ni kuanguka kwa Robespierre mwishoni mwa mwezi ule ule. Milango ya magereza ikafunguliwa, naye akatoka akiwa hai.

Mwaka uliofuata alisoma katika chuo kipya cha walimu mjini Paris, akafundishwa na mabingwa watatu wa zama zile, Lagrange, Laplace na Monge. Kabla mwaka haujaisha, alikamatwa tena, mara hii na serikali iliyowachukia wafuasi wa ile iliyotangulia, akaachiliwa tena. Hata hivyo, mwaka 1797 alishika nafasi ya Lagrange mwenyewe ya kufundisha katika chuo kikuu cha wahandisi kiitwacho École Polytechnique.

Misri

Mwaka 1798 Jenerali Napoleon Bonaparte alivuka bahari kuivamia Misri. Pamoja na majeshi alichukua wataalamu zaidi ya 150, na Fourier alikuwa mmoja wao. Walitua Iskanderia mwezi Julai, na tarehe 1 Agosti Admirali Nelson wa Uingereza akaziteketeza merikebu za Wafaransa katika ghuba ya Abukir, likawa jeshi lisilo na njia ya kurudi kwao.

Hatupendi kuuficha ukweli wa safari hiyo. Ilikuwa ni uvamizi wa nchi ya Kiafrika uliofanywa kwa maslahi ya nchi ya mbali. Wenyeji wa Kairo waliasi mwezi Oktoba 1798, na uasi wao ukazimwa kwa damu nyingi. Hata msikiti wa Al-Azhar ulipigwa mizinga. Fourier alikuwa katibu wa taasisi ya elimu iliyoundwa Kairo na wavamizi, na aliutumikia utawala ule kwa juhudi. Anayeyasoma maisha yake na ayasome yote, mema na mabaya pamoja.

Katika siku hizo ndipo askari waliokuwa wakitengeneza ngome karibu na mji wa Rashidi walipofukua jiwe moja lenye maandishi ya namna tatu. Jiwe hilo lilitekwa na Waingereza mwaka 1801, nalo limewekwa London. Fourier alirudi Ufaransa mwaka huo huo, na baadaye alimwonyesha kijana mmoja aitwaye Champollion vitu alivyovileta kutoka Misri. Mwaka 1822 ni Champollion aliyefumbua maandishi ya Mafirauni, kwa msaada wa jiwe lile lililofukuliwa na askari wa kawaida waliokuwa wakifanya kazi yao ya jembe na sururu.

Joto

Fourier alitaka kurudi kufundisha, lakini Napoleon alikwisha kumwona kuwa ni mtawala hodari, akamfanya mkuu wa mkoa wa Isère, makao yake Grenoble, mwaka 1802. Alisimamia kukaushwa kwa mabwawa ya Bourgoin yaliyokuwa yakieneza homa, akaisimamia barabara ya milimani iendayo Turin. Hizo zilikuwa kazi za mchana. Usiku aliifanya kazi yake mwenyewe, nayo ilihusu joto.

Swali lake lilikuwa jepesi kusema na gumu kujibu. Ukikiunguza chuma upande mmoja, joto laenda namna gani mpaka upande wa pili? Fourier aliona kwamba hali yoyote ya joto katika chuma, hata ikiwa imevurugika vipi, yaweza kuhesabiwa kana kwamba ni mkusanyiko wa mawimbi mengi mepesi, kila moja likipanda na kushuka kwa utaratibu wake. Kila wimbi likishughulikiwa peke yake, hesabu yake ni rahisi. Mwishoni yanajumlishwa, na jawabu limepatikana.

Tutoe mfano. Ngoma kubwa inapochezwa, asiyezoea husikia kishindo kimoja tu. Lakini mwenye sikio hutenganisha: hili ni chapuo, huu ni msondo, hizo ni kayamba. Hewa inayoingia sikioni ni moja, nayo yatikisika kwa mtikisiko mmoja uliochanganyika, lakini sikio layafumua yaliyofumwa. Fourier aliipa hisabati sikio la namna hiyo.

Tarehe 21 Desemba, 1807, aliwasilisha kazi yake mbele ya wakubwa wa elimu mjini Paris. Lagrange, mwalimu wake wa zamani, hakukubali. Aliona kuwa mambo yenye ncha na pembe hayawezi kujengwa kwa mawimbi laini. Kazi haikuchapishwa. Mwaka 1811 Fourier aliipeleka tena katika shindano, akashinda zawadi mwaka 1812, lakini waamuzi wakaambatanisha lawama kwamba hoja zake hazikukazwa barabara. Kwa sehemu walikuwa na haki, maana wengine baadaye ilibidi wazikaze. Lakini wazo lenyewe lilikuwa la kweli. Hata mwaka 1815 ulipofika, kazi ilikuwa bado sandukuni.

Mwaka huo Napoleon alitoroka kisiwa cha Elba akapitia Grenoble. Fourier, aliyekuwa akiitumikia serikali ya mfalme, alitoka mjini Napoleon akikaribia. Napoleon alikasirika, kisha akamsamehe na kumpa mkoa wa Rhône, lakini hakudumu nao. Alitoka kabla ya vita vya Waterloo. Wafalme waliporudi alijikuta hana kazi. Mwanafunzi wake wa zamani, Chabrol, ndiye aliyempatia kazi katika ofisi ya takwimu mjini Paris. Mwaka 1816 alichaguliwa katika Chuo cha Sayansi, mfalme akakataa. Mwaka 1817 alichaguliwa tena, mfalme akanyamaza. Mwaka 1822 akawa katibu wa kudumu wa chuo hicho, na kitabu chake juu ya joto kikachapishwa mwaka huo huo, baada ya miaka 15 ya kungoja. Alifariki dunia Paris tarehe 16 Mei, 1830, akiwa na umri wa miaka 62. Hakuoa wala hakuacha mtoto.

Bei ya hesabu

Kitabu alikiacha, lakini njia yake ilikuwa na bei kubwa. Tuseme tuna vipimo 1,000 vya wimbi lililochanganyika, na twataka kujua limefumwa kwa mawimbi gani. Kila wimbi jepesi lazima lilinganishwe na vipimo vyote, kwa hiyo kuna kuzidisha mara 1,000 kwa 1,000, yaani mara milioni moja. Vipimo vikiwa milioni moja, kuzidisha ni mara milioni milioni. Mtu hawezi, na kompyuta za zamani hazikuweza.

Ukombozi ulikuja kwa gwaride. Mjerumani Gauss aliivumbua njia ya kwanza mnamo mwaka 1805, akihesabu mapito ya sayari ndogo, lakini maandishi yake yalichapishwa baada ya kufa kwake na watu wakayapita. Mnamo mwaka 1963 Mmarekani John Tukey, aliyekuwa katika kamati ya sayansi ya Rais Kennedy, alilieleza wazo kama hilo kwa mwenzake Richard Garwin. Wakati huo mataifa makubwa yalikuwa yakibishana juu ya kupiga marufuku majaribio ya mabomu ya atomiki chini ya ardhi, na swali lilikuwa jinsi ya kutofautisha mtikisiko wa bomu na tetemeko la ardhi kwa vipimio vilivyo mbali. Garwin aliona papo hapo faida yake. Alimwendea James Cooley wa shirika la IBM aiandike njia hiyo kwa ajili ya kompyuta, akamwambia kuwa ni kwa uchunguzi wa fuwele za heli. Siri ya kijeshi haikutajwa. Cooley na Tukey waliitangaza njia yao mwaka 1965.

Nayo ni hii. Vipimo hupangwa mstari mmoja, vikajihesabu kwa wawili. Vya moja vikaenda huku, vya mbili kule. Kila mstari ukahesabiwa peke yake, majibu yakaunganishwa. Lakini kabla ya kuhesabiwa, kila mstari nao hujigawa kwa wawili, na tena, na tena, mpaka kibaki kipimo kimoja kimoja. Kwa vipimo 1,048,576 mgawanyo huo hufanyika mara 20 tu. Badala ya kazi milioni milioni na zaidi, zabaki takriban milioni 21. Kazi imepungua mara 52,000 na ushei, na jawabu ni lile lile. Hakuna kilichoibwa njiani.

Molekuli majini

Sasa na tuingie katika jambo linalowagusa hasa ndugu zetu wa polisi. Unga umekamatwa mfukoni mwa mtu. Je, ni dawa ya kulevya, ni dawa ya hospitali, au ni unga wa mhogo? Katika maabara, unga humulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho ulio chini ya wekundu. Molekuli, yaani chembe zilizoundwa kwa atomi zilizoungana, hutikisika kama vitu vilivyofungwa kwa springi, na kila aina humeza sehemu zake maalumu za mwanga huo. Safu ya sehemu zilizomezwa huitwa spektra, nayo ni kama alama za vidole. Mashine za kisasa za kupimia spektra hiyo hupokea wimbi moja lililochanganyika, kisha kompyuta hulifumua kwa njia ya Fourier.

Shida hutokea dutu inapokuwa imeyeyuka majini, kama ilivyo katika damu au mkojo. Molekuli za maji huisonga pande zote, huivuta kwa umeme, huigonga bila kupumzika. Alama zake husogea, hupanuka, huingiliana. Ili kujua kwa nini alama imesogea, wataalamu huijenga molekuli na maji yake ndani ya kompyuta, wakaitazama ikitikisika.

Kazi hiyo ni nzito. Kila hatua ya wakati yafaa iwe ndogo kama sekunde moja iliyogawanywa mara milioni milioni elfu. Hatua milioni moja zafikia sehemu moja tu ya milioni elfu ya sekunde. Na katika kila hatua, atomi 30,000 zikiwekwa ndani ya sanduku, jozi zinazovutana au kusukumana kwa umeme zinakaribia milioni 450.

Hapo mwana wa mshonaji huingia mara mbili. Kwanza, mwaka 1921 Mjerumani Ewald aliugawa mvuto wa umeme katika sehemu ya karibu na sehemu ya mbali, na ile ya mbali akaihesabu kwa mawimbi ya Fourier. Mwaka 1993 Darden, York na Pedersen walilitandaza sanduku lote juu ya wavu wa vituo, wakatumia njia ya gwaride. Basi haikuwa lazima tena kuzipitia jozi zote moja moja. Pili, kompyuta ikimaliza, tuna kumbukumbu ndefu ya jinsi umeme wa molekuli ulivyoyumba. Badala ya kulinganisha kila nukta ya wakati na nyingine zote, kumbukumbu hiyo hufumuliwa kwa njia ile ile, na spektra yajitokeza.

Ziko njia nyingine za kupunguza gharama. Born mwaka 1920 na Onsager mwaka 1936 waliyahesabu maji kana kwamba ni kitu kimoja kisicho na chembe. Warshel na Levitt mwaka 1976 walionyesha kuwa kiini cha mambo chaweza kuhesabiwa kwa sheria kamili za kwanta na mazingira yake kwa sheria nyepesi; kwa kazi za namna hiyo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2013 pamoja na Karplus. Lakini njia hizi si sawa na ile ya gwaride. Zenyewe hulipa kwa ukweli: kitu fulani huachwa, na mtaalamu lazima ajue ameacha nini. Ukiyafanya maji kuwa kitu kimoja, huwezi kuiona molekuli moja ya maji iliyoishika molekuli yako mkono, na pengine hiyo ndiyo iliyoisogeza alama.

Ndugu askari, hapa ndipo tunapoona fundisho kubwa. Kuna kupunguza kazi kwa kupanga vizuri, na kuna kupunguza kazi kwa kuacha sehemu ya kazi. Mpelelezi anayezipanga karatasi zake kwa utaratibu akamaliza kwa siku moja, huyo amefanya kama Cooley na Tukey. Mpelelezi anayemaliza kwa siku moja kwa kuwa mashahidi watatu hakuwahoji, huyo ameacha kitu, na huenda mtu asiye na hatia akalala ndani kwa ajili ya kitu hicho. Wa pili akiandika wazi katika taarifa yake nani hakuhojiwa na kwa nini, kazi yake bado ina manufaa. Akinyamaza, ameharibu. Fourier, aliyesikia milango ya gereza ikifungwa nyuma yake mara mbili, angeuelewa vizuri uzito wa neno hili.

Jina lake liliandikwa pamoja na majina mengine 71 ya mabingwa wa Ufaransa juu ya mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka 1889. Afisa yule aliyeikataa barua yake ya maombi, jina lake halimo.